Kadi za Kituo cha Kasungami

Jumatatu, 6 Mei 1974

Vibali ishirini na sita leo. Malori ya unga, ya saruji, moja la mbao. Kila kibali nakala tatu, kila nakala muhuri. Kidole changu cha shahada kimebaki zambarau. Sabuni haiuwezi wino ule.

Citoyen Ngoie, mkuu wa ofisi (siku hizi sote ni citoyen, wananchi), alifika saa tatu na beji mpya ya Chama kifuani. Akasema sote tuvae ya namna ile. Niliitikia kabla hajamaliza. Huwa naitikia kabla watu hawajamaliza.

Nilipotoka kazini nilipita mbele ya gereji ya Bwana Stavros. Jina lake limefutwa kwa rangi ya kijani. Serikali imezitwaa mali za wageni, na gereji amepewa mwananchi mmoja asiyejua bisibisi wala spana. Mgiriki aliondoka Februari na masanduku mawili. Rajabu bado yumo ndani, fundi yule yule, ovaroli ile ile. Alinipigia mluzi. Niligeuza shingo kidogo tu. Kulikuwa na watu.

Hajafanya kosa lolote. Naogopa tu kwa sababu anacheka kwa sauti kubwa.

Jumatano, 8 Mei

Kitenge, mkuu wa vijana wa Chama mtaani kwetu, amekuja ofisini. Vilabu vyote sasa viko chini ya vijana wa Chama. Mpira, ndondi, muziki, hata pikipiki. Anataka majina ya wanachama wa klabu ya pikipiki ya Bwana Stavros. Sijui nani alimwambia kwamba mimi nilikuwa karani wa klabu.

Nilimwandikia majina kumi na tisa kwa kichwa. Kumi wamekwisha kuondoka nchini. Alipofika kwa Rajabu akauliza:

"Uyu njo mwenye ile pikipiki nyekundu?"

Nikasema ndiyo.

"Pikipiki muzuri," akasema. Akapiga mstari chini ya jina.

Niandike hapa jinsi ilivyokuwa, maana hakuna mahali pengine pa kuandika.

Tulikutana kila Jumapili ya kiangazi. Mashindano yalianzia nyuma ya Karavia, yakavuka mto Kafubu penye mawe, yakaingia porini mpaka Kasungami, yakarudi kwa njia nyingine. Hakuna lami hata hatua moja. Mavumbi mekundu, mizizi, mchanga. Na vichuguu. Viko virefu kuliko nyumba. Tulikata njia juu ya kimoja, na mpandaji alipofika kileleni pikipiki iliachana na ardhi kabisa. Watoto wa Kasungami walipiga kelele kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Zamani walikuwa Wazungu peke yao. Sisi tulishika mabegi yao. Mwaka 1969 Bwana Stavros aliumia mgongo, akaanza kuwapandisha mafundi wake badala ya yeye mwenyewe. Wazungu wawili walitoka klabuni siku ile ile. Wengine walibaki, wakashindwa.

Nami nilijaribu, mara moja tu. Nilianguka kwenye kichuguu cha kwanza na pikipiki ikanilalia mguu. Nililia mbele ya watu. Bwana Stavros akasema anayejua kuandika aandike. Hivyo woga ulinipatia kazi klabuni. Ulishanipatia na ya ofisi.

Kazi yangu ilikuwa kituo cha Kasungami. Kila mpandaji alivaa kadi shingoni kwa kamba. Akifika, anataja namba yake kwa kelele, ananyosha shingo, mimi naandika saa na dakika. Mwaka wa kwanza walidanganya. Walijificha porini wakajiandikia saa wenyewe kwa kalamu ya risasi. Basi nikapata wazo.

Nilichukua muhuri wa ofisi.

Kila Jumamosi mchana niliutia katika mfuko wa koti, Jumatatu alfajiri nikaurudisha mahali pake. Misimu mitatu. Hakuna aliyeweza kuughushi, na udanganyifu ulikwisha. Bwana Stavros alinisifu mbele ya wote. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilipenda kuusikia ukigonga kadi, paa, na mtu amesimama ananingoja mimi.

Ni mara ya kwanza naandika jambo hili. Kwanza nimefunga mlango.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya misa nilikwenda Kasungami kwa baiskeli. Nilimwambia mama naenda kutazama shamba la mjomba. Rajabu alikuwa peke yake na pikipiki yake ya Kicheki. Iliundwa mwaka 1962. Bwana Stavros alimwachia siku ya kuondoka, na karatasi imeandikwa vizuri. Rangi ya tangi imekwaruzika, lakini injini anaifungua kila Jumamosi kama mtu anayeosha maiti ya mzazi, kwa adabu ile.

Majani bado ni marefu. Njia yetu imeanza kuzibika. Bibi mmoja amelima mihogo pale tulipokuwa tunaegesha.

Rajabu alipaa juu ya kichuguu mara nne. Anasimama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa, uso hauna kitu. Mara ya tano alikuja moja kwa moja kwangu, akafunga breki mavumbi yakanijaa mdomoni, akanyosha shingo.

"Kumi na ine! Andika saa, Karani!"

Namba kumi na nne ilikuwa yake tangu mwanzo. Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu Pasaka.

Kisha akafungua kijisanduku cha spana chini ya kiti anionyeshe buji mpya, plagi ya cheche, aliyoitengeneza kutoka mbili mbovu. Chini ya buji kulikuwa na kadi. Nne. Za 1971 na 1972. Kafubu, Kasungami, njia ya Kipushi, saa, dakika, na muhuri wa ofisi yetu, zambarau, hata haujapauka. Na tarakimu ya saba kwa mkono wangu. Mapadre walitufundisha kuikata saba mstari katikati, na mimi huukata mrefu kuliko wenzangu.

Nilimwambia azichome. Papo hapo. Nilikuwa na kiberiti.

"Nichome?" akasema. "We uko na diplome, baba yako ametundika ku ukuta. Mie yangu njo hizi."

"Rajabu, ile ni kashe, muhuri wa serikali."

"Na iko muzuri! We Karani, unaogopa hata kivuli yako. Siku moja kitakupiga teke."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Nilirudi nyumbani na kiberiti changu.

Jumanne, 14 Mei

Vibali kumi na tisa. Nimeota kadi. Sikula.

Jumatatu, 20 Mei

Wamemkamata Rajabu.

Jumamosi, saa tisa mchana, kwenye kizuizi cha njia ya Kipushi. Alikuwa anajaribu mnyororo. Askari walitafuta magendo, kwa kuwa mpaka wa Zambia uko pale pale na watu wanavusha unga kwa njia za porini. Walifungua kijisanduku cha spana.

Nimeambiwa na fundi mwenzake kazini asubuhi, alipokuja kuomba kibali cha lori la gereji. Alisema kwa sauti ya chini: "Balikuta makaratasi fulani." Nilimgongea kibali juu chini. Ilibidi nirudie.

Jumanne, 21 Mei

Mpelelezi amekuja. Mtu mwembamba, mpole, miwani ya jua hakuivua. Alikaa kwenye meza ya Citoyen Ngoie, akatoa kadi moja, akailaza kama mtu anayelaza karata.

Tuko makarani wanne. Alituita mmoja mmoja. Aliniuliza kama naujua muhuri ule. Nilisema unafanana na wetu. Aliniuliza kama umepata kutoka nje ya ofisi. Nilisema hapana, hulala katika droo. Aliniuliza karatasi ile inaweza kuwa nini. Majina ya mahali yanayoelekea mpaka, saa za kupita, muhuri wa serikali.

Sentensi moja ingetosha. Ni kadi ya mashindano, mimi niliigonga. Ilikuwa mdomoni mwangu, nzima, nimeipanga vizuri. Nikasema:

"Sijui, citoyen."

Kadi ilikuwa karibu na mkono wangu. *Saa 5, dakika 37*. Saba imekatwa tumbo. Nami mezani kwangu, hatua mbili tu, nilikuwa nimeacha wazi kitabu cha vibali, kimejaa saba za namna ile ile. Hakutazama. Alikuwa anatazama uso wangu, na uso wangu huwa na hofu siku zote, kwa hiyo haukumwambia kitu.

Alipotoka nilikifunga kitabu cha vibali.

Jumatano, 22 Mei

Leo nimeandika saba bila mstari. Mkono haukubali. Unarudi kukata wenyewe. Nilijizoeza nyumbani, ukurasa mzima, kisha nikauchoma jikoni mama alipotoka.

Najiambia kwamba watamwachia tu. Najiambia kwamba nikisema, tutafungwa wawili na hakuna faida. Najiambia kwamba baba amefanya kazi ya reli miaka thelathini ili mimi nikae kwenye kiti. Yote haya ni kweli. Hakuna hata moja iliyo sababu. Sababu ni kwamba naogopa.

Ijumaa, 24 Mei

Nilikwenda mtaa wa Kamalondo kwa mama yake Rajabu. Sikutaka. Ningekosa kwenda ingeonekana.

Mama Hadija alinipokea vizuri kupita kiasi. Aliniwekea kiti cha marehemu mumewe, karibu na cherehani yake. Watu wao ni wa Maniema, mafundi nguo tangu babu, na nyumba nzima inanukia kitambaa kipya. Alinipa chai ya tangawizi.

Anampelekea chakula kila siku. Mlinzi mmoja ni mtoto wa barabara yao, ndiye anayeingiza sahani na kutoa maneno. Wanamuuliza Rajabu jambo moja tu. Nani alimgongea muhuri. Hasemi.

"Mwanangu," Mama Hadija akaniambia, "Rajabu amenituma kwako. Anasema: ambia Karani niko nyuma kidogo, lakini niko nakuya."

Hakujua maana yake. Alidhani mimi nitamweleza. Nikasema ni mzaha wetu wa zamani.

Si mzaha. Ilikuwa Oktoba 1971, mvua ya kwanza ilitukuta mashindanoni. Sheria ya kituo niliiandika mimi mwenyewe na klabu ikaipitisha kwa kupiga makofi: karani haondoki mpaka mpandaji wa mwisho amepita. Siku ile wote walipita isipokuwa namba kumi na nne. Bwana Stavros alituma mtu kuniambia nirudi, Rajabu atakuwa amekwenda nyumbani. Sikurudi. Nilikaa chini ya turubai kwa muda wa saa sita, peke yangu, radi zinapiga vichuguu. Nilikuwa na hofu ya radi, lakini hofu ya kuvunja sheria yangu ilikuwa kubwa zaidi. Saa kumi jioni akatokea anaisukuma pikipiki kwa miguu, mnyororo umekatika, matope mpaka nyusi. Akanyosha shingo. Nikaandika saa, nikagonga. Akasema, "Nilijua uko hapa."

Ndiyo siku tuliyoanza kuwa ndugu.

Mama Hadija alinisindikiza mpaka mlangoni. "Anasemaka kila siku," akasema, "Karani haondokake ku kituo."

Jumapili, 26 Mei

Nimechoma daftari la klabu. Misimu mitano. Lilikuwa na jalada gumu, halikutaka kushika. Nililichana ukurasa kwa ukurasa nyuma ya nyumba, mama akadhani nachoma majani. Ukurasa wa mvua ya 1971 nimeuona. Nimeuchoma.

Jumatatu, 27 Mei

Mpelelezi amerudi. Makarani wote wanne waandike tarakimu, kutoka sifuri mpaka tisa, mara tano. Kila mtu kwenye karatasi yake.

Niliandika saba tano. Nyembamba, safi, hazina mstari. Mkono sasa umejifunza.

Kisha akaomba kitabu cha vibali cha mwaka jana, alinganishe. Hilo sikuliwaza. Vitabu vyote vya zamani viko kabatini kwa Citoyen Ngoie, na mwaka mzima wa jana ni mwandiko wangu.

Citoyen Ngoie alisimama, akafungua kabati, akatazama ndani muda mrefu.

"Pole, citoyen," akasema. "Ile ya mwaka jana muchwa ilikula. Nilitupa."

Mpelelezi akatazama kabati. Kweli kona moja ina udongo wa mchwa. Kila kabati la mji huu linao. Akaandika katika karatasi yake, akaaga.

Kitabu kile kilikuwapo Ijumaa. Nilikifuta vumbi mimi mwenyewe.

Citoyen Ngoie alimsindikiza mpelelezi kwa macho mpaka mlangoni. Alifunga kabati, akatia ufunguo mfukoni, akanitazama kama mtu anayetazama mali aliyoipata bila kutarajia.

Alhamisi, 30 Mei

Nimeandika barua kwa mpelelezi. Mistari saba. Nimeeleza yote: klabu, kituo, udanganyifu wa kalamu ya risasi, muhuri, misimu mitatu. Nimetia sahihi. Nimeipiga mstari kila saba. Iko katika koti, mfuko ule ule uliobeba muhuri.

Kesho.

Ijumaa, 31 Mei

Sikupeleka. Mpelelezi hakuwapo. Ni uongo. Sikwenda kuuliza.

Jumatatu, 3 Juni

Barua bado iko mfukoni. Imelainika kwa jasho. Baridi imeanza, asubuhi watu wanatoa moshi mdomoni, mimi natoka jasho.

Nimepita njia ya mbali ili nisipite Kamalondo.

Jumatano, 5 Juni

Nimefika mpaka barabara ya ofisi yao. Mbele ya lango kuna askari mmoja anakula muhogo wa kuchoma. Aliniuliza ninataka nini. Nikamuuliza saa ngapi. Alinitajia. Nikamshukuru, nikarudi.

Ijumaa, 7 Juni

Rajabu amesema.

Citoyen Ngoie aliitangaza habari hiyo ofisini akiwa na furaha, amekwisha kupigiwa simu. Muhuri ule si wetu. Ni wa kughushi. Mtu yule fundi amekiri kwamba aliuchonga mwenyewe kwa mpira wa tairi, aliuiga kutoka kibali cha lori la gereji, ili kadi za mchezo wao zionekane nzuri. Hawakuamini. Wakampa kipande cha tairi na kisu, wakamwambia achonge mbele yao. Alichonga asubuhi nzima. Wakautia wino, wakaugonga.

"Sawasawa kabisa!" alisema Citoyen Ngoie. "Bale bantu ya Maniema iko na mikono!"

Makarani wenzangu wakacheka. Nami nikacheka.

Hakuna mtu anayeujua muhuri ule kama mimi, isipokuwa mtu aliyeutazama misimu mitatu akiwa amenyosha shingo.

Nikaenda msalani na barua. Nimeichana vipande vidogo. Nilisikia raha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mwili wote ulilegea kama baada ya kuoga maji moto. Niliporudi mezani nilikula karanga za mwenzangu, mkono mzima.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekutana na fundi wa gereji sokoni. Baada ya kuchonga, walimuuliza Rajabu alitumia mkono gani. Akawaonyesha wa kulia.

Fundi hakumaliza kusimulia, wala sikumuuliza.

Jumatatu, 17 Juni

Muhuri mpya umefika kutoka Kinshasa. Mpini wa mbao ngumu, chui katikati, herufi ndogo. Sharti moja: uwe na mlinzi mmoja, ufunguo mmoja, sahihi yake kila jioni.

Citoyen Ngoie alituita wote. Akasema mlinzi lazima awe mtu safi, mtu ambaye uchunguzi umepita juu yake usione doa. Akanipa ufunguo mbele ya wenzangu. Walinipigia makofi.

Baadaye, tulipokuwa wawili, aliweka mkono begani pangu.

"Sasa we na mie tutafanya kazi muzuri," akasema. "Kukiwa kibali ya mutu wangu, hautauliza-uliza. Sivyo?"

"Ndiyo, citoyen."

Nilisema kabla hajamaliza.

Kitabu cha mwaka jana hakukitupa. Najua. Hakuniambia, na hana haja ya kuniambia.

Baba amefurahi sana kwa habari ya ufunguo. Amechinja kuku.

Jumapili, 23 Juni

Nimesikia pikipiki asubuhi tulipokuwa tunatoka kanisani. Niliijua kabla ya kuiona. Kitenge wa vijana wa Chama alikuwa juu yake, kofia ya Chama kichwani, anaipeleka kwa gia ya pili tu kwenye lami, injini inalia kwa uchungu. Hajui kwamba petroli yake inahitaji kuchanganyiwa oili. Itakufa kabla ya mvua.

Watu walimpungia. Nami nilipunga.

Jumanne, 2 Julai

Leo Rajabu amekuja ofisini.

Walimwachia jana. Niliinua kichwa kutoka kwenye vibali, alikuwa wa tatu katika mstari, nyuma ya madereva wawili. Amekonda. Ovaroli ni ile ile, imefuliwa. Mkono wa kulia umefungwa kitambaa, na vidole vinavyotokea havifuati mkono. Mpandaji hawezi kuzungusha mpini wa gesi kwa mkono ule. Nadhani hata kijiko.

Niliwahudumia madereva wawili polepole kadiri nilivyoweza. Kisha wakaisha.

Aliweka karatasi mbele yangu kwa mkono wa kushoto. Imeandikwa kwa mashine. Kwamba yeye, citoyen, kwa hiari yake na kwa mapenzi ya nchi, anatoa pikipiki yake, nyekundu, ya Kicheki, kwa vijana wa Chama. Ndiyo bei ya mlango kufunguliwa. Ilihitaji muhuri wa ofisi ya vibali, tarehe na saa ya kupokelewa.

Citoyen Ngoie alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Alikuwa anajua ni nani.

Nilifungua droo kwa ufunguo wangu. Nilifungua kidau cha wino. Nilitaka Rajabu aniangalie kwa chuki. Hakuniangalia kwa chuki. Alinyosha shingo juu ya meza, kidogo tu, kama zamani.

"Kumi na ine," akasema kwa sauti ya chini. "Andika saa, Karani."

Nilitazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika saba.

Nikaandika. Nne. Saba. Haikuwa na mstari. Nilikuwa na nafasi, kalamu ilikuwa bado juu ya karatasi, mstari ni mdogo kuliko ukucha. Citoyen Ngoie alikuwa anapumua juu ya sikio langu. Nikainua kalamu. Nikagonga muhuri.

Rajabu aliivuta karatasi kwake, akaiinamia, akaisoma muda mrefu. Si maneno. Tarakimu tu. Kisha akacheka, kile kicheko chake, kikubwa, makarani wote wakageuka.

"Apana," akasema. "Uyu si yeye. Karani wangu alikuwa anakataka saba tumbo."

Akakunja karatasi kwa mkono mmoja, ikachukua muda, hakuna aliyemsaidia. Akaenda.

"Anasema nini?" Citoyen Ngoie akauliza.

"Sijui, citoyen."

Alhamisi, 4 Julai

Vibali thelathini na mmoja. Vitatu vya watu wa Citoyen Ngoie. Sikuuliza-uliza.

Jumapili, 7 Julai

Sikwenda misa. Nilimwambia mama kichwa kinaniuma. Nilichukua baiskeli mpaka Kasungami.

Moto wa pori umepita. Kila kitu cheusi, na vichuguu vimebaki wazi, vyekundu, virefu kuliko ninavyokumbuka. Njia juu ya kile kikubwa bado inaonekana, imekatwa na magurudumu. Mchwa wameanza kuijenga upya kutoka chini.

Nilikaa pale turubai ilipokuwa. Bibi wa mihogo alipita, akaniuliza namngoja nani. Nikasema simngoji mtu. Akasema basi nisikae kwenye jua, akanipa kipande cha muhogo. Ulikuwa mtamu.

Nilikaa mpaka saa kumi. Hakupita mtu.

Nimerudi nyumbani, nimenawa, nimefunga mlango. Leo ni tarehe saba, mwezi wa saba. Juu ya jalada la daftari hili nimeiandika kwa tarakimu, saba mbili, na zote mbili nimezikata mstari mrefu katikati.

Hapa hakuna anayeona.